Kitandani Anaamua Nani? Uhuru wa madaktari wa hospitali za misheni Mtwara na Lindi

Chukua mfano huu. Saa nane usiku, mwezi wa pili, mvua inanyesha. Bibi anamleta mjukuu wake wa miaka mitatu kwenye hospitali ya misheni iliyo kando ya barabara ya Mnazi Mmoja kwenda Masasi. Mtoto ana kilo 12, ameshapata degedege njiani, viganja vyake vimepauka na anapumua kwa kuhema. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria na wingi wa damu (Hb) ni 4.6. Daktari wa zamu anaandika artesuneti ya mshipa miligramu 36, yaani miligramu 3 kwa kila kilo, irudiwe baada ya saa 12 na tena baada ya saa 24. Chini yake anaandika damu nzima mililita 240, ianze sasa, isisubiri asubuhi.

Sasa angalia kila mkono uliogusa tukio hilo. Muuguzi anayechoma sindano analipwa mshahara na Hazina, maana ni mtumishi wa halmashauri aliyeazimwa. Boksi la artesuneti limetoka Bohari ya Dawa, MSD. Damu imepimwa chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Leseni ya daktari imetolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Jengo ni la kanisa, kitanda kimetoka kwa wafadhili wa Ulaya, na gharama ya mtoto huyu, kwa kuwa hajafikisha miaka mitano, inatakiwa kulipwa na halmashauri ikiwa kuna mkataba. Hakuna hata hatua moja ambayo serikali haimo. Lakini uamuzi wa kuanza damu saa hiyo hiyo ni wa mtu mmoja aliyemwona mtoto, akamgusa na kumsikiliza kifuani.

Uamuzi huo mdogo ndio madaktari Wakristo wa kusini wanaoutetea wanapozungumzia uhuru wa tiba. Wengi hudhani wanapigania hospitali isiyoguswa na serikali, na hospitali ya namna hiyo haijawahi kuwepo hapa.

Mjadala huvurugika kwa sababu neno "uhuru" linabeba mambo matatu tofauti. Kuna uhuru wa mwenye hospitali, yaani abasia (monasteri), jimbo au dayosisi, wa kumiliki majengo, kuajiri na kupanga huduma. Kuna uhuru wa taaluma, ambao ni wa daktari yeyote, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, wa kuchagua tiba kwa kuangalia hali ya mgonjwa na ushahidi wa kisayansi. Halafu kuna uhuru wa dhamiri, wa kukataa kushiriki tendo ambalo imani yake inaliona ni dhambi. Askofu anaweza kutetea wa kwanza huku akiubana wa pili. Serikali inaweza kuheshimu wa tatu huku ikiumaliza wa kwanza kwa kuchelewesha fedha. Ukisikia mtu anasema "uhuru wa hospitali zetu unaingiliwa", muulize kwanza ni upi.

Historia ya kusini inasaidia kuona jinsi kamba hizi zilivyosokotana. Misheni ya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, ya Nyangao iliteketezwa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji, na mwaka uliofuata watawa wakaanzisha kituo Ndanda. Upande wa Waanglikana, misheni ya UMCA ilikuwa Masasi tangu 1876. Tiba ilikua pamoja na misheni hizo kwa sababu serikali ya kikoloni ilijali zaidi miji ya pwani, na bara ya Lindi ikaachiwa wamisionari. Kwa hiyo kwa miaka mingi mkulima wa Lulindi au Mnero akisema "hospitali" alikuwa na maana ya misheni.

Mtu mmoja anaonyesha ugumu wa jambo hili kuliko maelezo yoyote. Leader Stirling, daktari mpasuaji kutoka Uingereza, alikuja mwaka 1935 kufanya kazi na UMCA kule Lulindi. Baadaye akawa Mkatoliki na kuhamia Mnero, Nachingwea, kwa Wabenediktini. Aliingia bungeni, akachukua uraia wa Tanzania, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya, kazi aliyoifanya hadi 1980. Ni katika kipindi chake ilipotungwa Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977, iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara na kuruhusu mashirika yaliyoidhinishwa tu, yakiwemo ya dini, kuendesha hospitali. Daktari wa misheni, akiwa waziri, alisimamia wizara iliyobana tiba binafsi kuliko wakati wowote. Hakuna sababu ya kumwita msaliti. Aliyepasua wagonjwa kwenye majengo ya udongo na mianzi Lulindi alijua kwamba mkulima asiye na shilingi hana faida na uhuru wa daktari anayedai malipo kwanza. Sheria ile ilirekebishwa mwaka 1991 na hospitali za kibiashara zikarudi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba shule za misheni zilitaifishwa kupitia Sheria ya Elimu ya 1969, lakini hospitali nyingi za misheni hazikuguswa kwa namna hiyo. Badala yake zikaja hospitali teule za wilaya: kanisa linabaki mwenye mali, serikali inalipa mishahara na ruzuku, na hospitali inakuwa ya wilaya. Februari 21, 1992 serikali na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, zilitia saini hati ya makubaliano juu ya elimu na afya. Mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iwe mdomo wa makanisa mbele ya serikali. Taasisi za Kiislamu zimelalamikia hati hiyo kwa miaka mingi zikisema inapendelea, na katika mikoa ambayo wagonjwa wengi wa hospitali za misheni ni Waislamu, lalamiko hilo linastahili jibu la heshima. Jibu zuri ni kwamba fedha za umma zifuate mgonjwa, na kituo chochote kinachotibu watu wote bila ubaguzi kipate mkataba kwa masharti yale yale. Daktari Mkristo anayetaka dhamiri yake iheshimiwe hawezi kukataa mlango huo huo kwa wengine.

Kuna anayeuliza: kama serikali inalipa, kwa nini isiamue? Ulaya ilijibu swali hilo kwa damu. Ujerumani ya Wanazi iliwageuza madaktari kuwa watumishi wa dola, wakajaza fomu za kuchagua wagonjwa wa akili na walemavu wa kuuawa. Zaidi ya watu 70,000 waliuawa katika mpango huo hadi mwaka 1941. Askofu Clemens August von Galen wa Münster aliukemea hadharani kanisani Agosti 3, 1941. Miezi michache kabla, mwezi Aprili, polisi wa siri walikuwa wameinyang'anya abasia ya St. Ottilien, ambayo ndiyo mama wa watawa wa Ndanda. Vita vilipokwisha, kati ya washtakiwa 23 wa kesi ya madaktari Nuremberg, 20 walikuwa madaktari, na utetezi wa kutii amri na sheria za nchi haukuwaokoa waliopatikana na hatia. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani la 1948 lilitungwa katika kivuli hicho: dini, taifa, rangi na siasa visiingie kati ya daktari na mgonjwa wake. Mwaka 2008, Seoul, chama hicho kilitamka kwamba vizuizi visivyo na sababu vya serikali na watawala juu ya maamuzi ya daktari haviko kwa faida ya mgonjwa. Azimio hilo hilo linamtaka daktari azingatie pia uwezo wa mfumo wa afya na rasilimali zilizopo. Wengi hunukuu nusu ya kwanza tu.

Tukirudi kwetu, si kila mkono wa serikali ni pingu. Usajili wa daktari, leseni inayohuishwa kila mwaka, usajili wa kituo, ukaguzi wa dawa, hayo yapo ili asiye daktari asipasue watu. Sheria ya Madaktari ya 2017 inalipa Baraza mamlaka ya kumwadhibu daktari mzembe, na daktari wa misheni hana kinga. Hata kwenye jambo lenye uchungu kama maiti kuzuiwa kwa sababu ya deni, ambalo Wizara ya Afya imelikemea mara kwa mara, serikali ndiyo iliyo upande wa haki. Hospitali ya kanisa inayozuia maiti ya Mwislamu isizikwe siku hiyo hiyo kwa ajili ya bili haiwezi kujitetea kwa neno uhuru.

Mahali ambapo uhuru hupotea kweli ni penye watu na fedha, na hupotea polepole bila mtu kutoa amri.

Anza na watumishi. Mtumishi wa kuazimwa ana mabosi wawili. Kazi za kila siku anapangiwa na Mganga Mfawidhi wa hospitali, lakini mshahara, kupanda daraja, likizo na nidhamu viko kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Akilala zamu, mfawidhi anaandika barua kwa mkurugenzi kupitia Mganga Mkuu wa Wilaya na kusubiri. Akihamishwa, barua inakuja na siku chache za kuripoti. Kama aliyehamishwa ndiye mtaalamu pekee wa usingizi, chumba cha upasuaji kinafungwa siku hiyo, na mama mwenye uchungu uliokwama anapakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi). Hakuna aliyemkataza daktari kupasua, ila hawezi tena kupasua.

Kinga yake inajulikana na ni ya gharama. Hospitali iwe na watu wake yenyewe, kwa mshahara wake, katika nafasi ambazo zikiwa wazi huduma inasimama: usingizi, maabara, famasi, na angalau mpasuaji mmoja. Wengine wanaweza kuazimwa. Na mkataba useme wazi kwamba mtumishi wa nafasi hizo hahamishwi kabla mbadala hajafika. Usipoandika hivyo, utategemea wema wa mkurugenzi aliyepo, naye pia huhamishwa.

Kuajiri wenyewe nako kuna shimo lake. Serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa afya na kuajiri kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, hospitali za misheni nchini zilipoteza wauguzi wengi waliokimbilia halmashauri. Sababu kubwa ilikuwa uhakika wa ajira na pensheni. Hospitali ya misheni inayotaka kubaki na muuguzi wake lazima ilipe mshahara unaokaribia wa serikali na ipeleke michango ya NSSF kila mwezi bila kuruka. Kuruka miezi mitatu ya michango kunafukuza watu kuliko mshahara mdogo.

Na mabadiliko makubwa yamekuja kwa njia ya ujenzi. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 za halmashauri. Ni jambo jema kwa wananchi. Ila halmashauri ikishakuwa na hospitali yake, hospitali teule inaweza kupoteza hadhi hiyo, na watumishi walioazimwa hurudishwa kujaza jengo jipya. Hospitali iliyozoea kulipiwa zaidi ya nusu ya watu wake hujikuta ndani ya mwaka mmoja na wodi zile zile na mikono nusu. Bodi yenye busara huweka makadirio ya hali hiyo mapema: tukinyang'anywa watumishi wote wa kuazimwa Julai, tunafunga nini na tunabaki na nini? Kama jibu ni "tunafunga vyote", basi uhuru ulishaondoka kabla ya barua kuja.

Dawa zina mtego mwingine. Fedha za serikali kwa hospitali yenye mkataba hukaa kama salio kwenye akaunti yake MSD. Haitolewi taslimu, kwa hiyo unachukua kilichopo bohari ya kanda, Mtwara, wakati wa agizo. Kikikosekana, unaomba hati ya kuthibitisha kwamba dawa hiyo haipo, ndipo ununue kwa mshitiri, yaani msambazaji aliyechaguliwa na mkoa, au kwa msambazaji mwingine aliyesajiliwa. Daktari akiona kwamba kila mgonjwa mwenye vidonda anaandikiwa dawa ile ile kwa sababu ndiyo iliyojaa stoo, ajue kwamba stoo imeanza kuandika tiba. Suluhisho ni kuweka fungu dogo la fedha za hospitali yenyewe kwa ajili ya orodha fupi ya dawa ambazo hazitakiwi kukosekana hata siku moja: oksitosini, magnesiamu salfeti, adrenalini, ketamini, insulini, dripu, antibayotiki za mshipa. Na leja ziwe mbili. Dawa za miradi ya taifa zinazotolewa bure, kama za kifua kikuu na ARV, zikichanganywa na za kuuza, mkaguzi akikuta tofauti ya vidonge hospitali hupoteza heshima yake, na haitasikilizwa tena itakapolalamikia jambo la maana.

Halafu fedha, na hapa kuna jambo la kusini peke yake. Mapato ya hospitali za huku yanafuata korosho. Mnada unaanza Oktoba, wakulima wanalipwa kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, hadi mwisho wa mwaka, na kipindi hicho hata henia ya miaka kumi inaletwa kupasuliwa. Kuanzia Februari hadi Mei mfuko wa mkulima umekauka, na ndio wakati wa mvua, malaria na upungufu wa damu kwa watoto. Wagonjwa wanajaa wakati fedha zimekwisha. Kundi la msamaha, yaani watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo, linajaa wakati huo huo, na malipo ya halmashauri yakichelewa hospitali inaanza kukopa mafuta ya jenereta. Daktari anayejua kwamba benki ya damu ya hospitali imebakiwa na chupa nne za damu na hakuna fedha huanza kupima mgonjwa kwa jicho la mhasibu. Kwa hiyo mkataba wa huduma ukitaja msamaha, utaje pia bei ya kila huduma, tarehe ya malipo, na kinachofuata halmashauri isipolipa. Bila bei na tarehe, mkataba ni barua ya nia njema.

Bima nayo imekuja kuwa mlipaji mkubwa. NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), iliyoanzishwa kwa sheria ya 1999, inawahudumia watumishi wa umma na wengine. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa ikichukua kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Mlipaji mmoja mkubwa ana nguvu ambayo mkaguzi yeyote hana. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake kwa siku kadhaa. Wengine waliona ni mgomo wa wafanyabiashara. Chini yake lilikuwepo swali la kweli: kama bei ya huduma iko chini ya gharama yake, nani anabeba tofauti? Hospitali ya kibiashara inaweza kuacha huduma hiyo. Ya misheni haiwezi, kwa hiyo inaibeba hadi inazama.

Makato ya madai ndiyo uwanja wa kila siku. Fomu ya madai inakatwa kwa sababu ambazo nyingi si za kisiasa hata kidogo: saini ya daktari haipo, utambuzi wa ugonjwa hauendani na dawa, majibu ya maabara hayajaambatanishwa, tarehe ya kulazwa inapishana na ya faili, dawa ni ya ngazi ya juu kuliko kituo. Hospitali inayopoteza fedha hivi haijaonewa, imezembea, na kabla ya kulia juu ya uhuru inapaswa kumweka karani mmoja makini anayepitia kila fomu kabla haijaondoka. Inabaki sehemu ndogo ambayo ni mgogoro halisi: daktari alitoa tiba nje ya Mwongozo wa Matibabu wa Taifa kwa sababu maalumu, na mhakiki aliyekaa ofisini anakata. Hapo silaha ya daktari ni faili. Mwongozo umeandikwa kwa mgonjwa wa kawaida. Anayetoka nje yake lazima aandike kwa nini mgonjwa huyu si wa kawaida. Aliyeandika sababu anaweza kukata rufaa. Aliyeandika jina la dawa peke yake hana la kusema.

Dhamiri inahitaji uangalifu zaidi, maana hapa watu huumizana. Hospitali za Kikatoliki hufundisha njia za asili tu za uzazi wa mpango, wakati halmashauri inataka kliniki ya mama na mtoto itoe njia zote. Waanglikana na Walutheri kwa kawaida hawana kizuizi hicho, kwa hiyo kusema "madaktari Wakristo wanapinga" si sahihi. Ufumbuzi unaofanya kazi ni wa eneo na mikono: huduma hiyo itolewe na watumishi wa halmashauri kwenye zahanati ya serikali iliyo jirani, na mkataba utaje zahanati ipi. Lakini dhamiri ya daktari inamlinda yeye asifanye tendo. Haimpi ruhusa ya kumficha mwanamke kwamba huduma ipo na iko wapi. Mama mwenye makovu matatu ya upasuaji akiuliza, aambiwe ukweli wa hatari ya mimba ya nne na aonyeshwe njia. Kumnyamazia ni kumtawala, na anayelalamika kutawaliwa na serikali asianze kumtawala mgonjwa.

Kuhusu mimba kuharibiwa, Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inaifanya kuwa kosa, na kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo sheria ya nchi na msimamo wa hospitali za kanisa hazigongani sana kama inavyodhaniwa. Penye hatari ni kwa anayefika akivuja damu baada ya mimba kutoka, kwa sababu yoyote ile. Huyo anasafishwa, anapewa damu na antibayotiki mara moja. Muuguzi anayeanza kumhoji "umefanya nini" kabla ya kumtundikia dripu hatetei dhamiri ya Kikristo, anahatarisha maisha.

Majeruhi wanaingiza polisi. Fomu ya polisi ya PF3 ni ya kumsaidia mwenye kuumizwa kupata haki, lakini mtu aliyekatwa panga anayevuja damu anatibiwa kwanza na fomu inafuata. Daktari anajaza alichokiona: urefu wa jeraha kwa sentimita, kina, mahali, umri wa jeraha. Hajazi alichoambiwa na askari, wala alichoombwa na diwani au padri. Kurasa hizo zinaweza kumfikisha mahakamani kama shahidi, na ukweli uliopimwa kwa rula hautetereki kwa maswali ya wakili.

Takwimu ni mtihani mkubwa zaidi kwa uhuru wa taaluma. Mei 2020 idadi ya wagonjwa wa korona iliyotangazwa Tanzania ilisimama kwenye 509 na haikuhuishwa kwa zaidi ya mwaka. Hospitali ziliendelea kupokea watu waliokosa pumzi. Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliwaandikia maaskofu na waumini akitahadharisha juu ya wimbi jipya na kuhimiza kinga. Barua hiyo ilitoka kwa viongozi wa dini, na watu wengi hawakujiuliza ni nani aliyewapa viongozi hao habari za wodini. Kwa daktari wa zamu somo lilikuwa dogo na gumu: andika kwenye Mtuha, yaani rejesta za taarifa za afya, namba 5 kwa wa nje na namba 14 kwa waliolazwa, kile ulichokiona kweli. Kama kipimo hakipo, andika "nimonia kali, kiwango cha oksijeni asilimia 78", maana hilo ni kweli na halihitaji ruhusa. Kutangaza takwimu za taifa ni kazi ya serikali. Kuandika ugonjwa wa mtu aliyelala mbele yako ni kazi yako, na hakuna mwenye haki ya kuibadilisha.

Yote haya yanasemwa juu ya serikali, lakini haki inadai kumtaja na bwana wa pili. Jimbo nalo lina shinikizo lake. Kuna anayetaka ndugu yake aajiriwe, anayechukua mapato ya hospitali kukarabati nyumba ya mapadri, mfadhili anayetoa mashine ya kupiga picha kwa sharti la huduma ambayo wilaya haiihitaji. Daktari asiye na katiba ya hospitali wala bodi yenye nguvu anaanguka mikononi mwa mwenye mali kama vile anavyoweza kuanguka mikononi mwa mkurugenzi. Ndiyo maana bodi inayofaa ina mwakilishi wa mwenye hospitali, wa halmashauri, wa wananchi, na Mganga Mfawidhi, na katiba yake inasema kwamba maamuzi ya tiba hayapigiwi kura bodini.

Mkataba wa huduma unapoletwa mezani, basi, usomwe na watu watatu pamoja: mfawidhi, katibu wa hospitali na mwanasheria wa jimbo. Watafute hasa vifungu vya mbadala wa watumishi, bei na tarehe za malipo, huduma zisizotolewa na zinapatikana wapi, siri ya mafaili, njia ya kusuluhisha mgogoro, na muda wa notisi ya kuvunja. Notisi ya siku 30 haitoshi kuhamisha wagonjwa wa kifua kikuu walio katikati ya dozi ya miezi sita. Dai miezi isiyopungua hiyo. Na kifungu kimoja kiandikwe kwa maneno ya wazi kabisa: uamuzi juu ya tiba ya mgonjwa mmoja mmoja ni wa daktari anayemtibu, kwa kufuata miongozo ya taifa na hali ya mgonjwa huyo.

Kifungu hicho kitasaidia tu kama faili linakiunga mkono. Faili la yule mtoto wa kilo 12, kwa mfano, linatakiwa lisomeke hivi: "Saa 8:10 usiku. Malaria kali, degedege mara 1, Hb 4.6, anahema, maini yamevimba. Damu sasa, kwa sababu upumuaji umebadilika; nisisubiri ishuke chini ya 4. Bibi ameelezwa, amekubali." Kisha jina, saini, na namba ya usajili. Baada ya dozi ya tatu ya sindano, mtoto akiweza kumeza, mstari mwingine: "Dawa ya mseto, kidonge 1 asubuhi na jioni, siku 3, ale kwanza uji wenye karanga."